Mtu wa Kibuyu cha Nne

Majina yao yote ninayo kichwani, na majina ya baba zao, na ya mafahali waliowachunga wakiwa wavulana. Siyaandiki. Si kwamba nawaogopa. Wengi wamekwisha kufa, na waliobaki hawana meno. Ni kwamba mjinga ukimwandika jina, wajukuu wake watalipeleka kwa majirani na kusema, babu yetu ametajwa kwenye kitabu. Heshima hiyo siwapi.

Juzi wajukuu wangu walikuwa wakibishana hapa nyumbani juu ya mchujo wa chama. Mmoja wao, yule aliyesoma sana, akasema kuna nchi ambako mtu hachagui mmoja tu. Anasema wa kwanza ni huyu, na huyu nikimkosa basi wa pili ni yule, na kura yake haipotei. Akanigeukia na kunieleza polepole, kama mtu anayemweleza mtoto habari za mwezini. Nikamwambia, hayo tuliyafanya hapa, baba yako akiwa tumboni mwangu. Tuliyafanya kwa mahindi na maharagwe, na wanaume wa hapa wakayaharibu kabla ng'ombe hawajarudi jioni. Akacheka. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Nianze na maji, kwa sababu kura ile ilikuwa ya maji, hata kama wanaume walidhani ilikuwa ya wanaume.

Nilipoletwa hapa kama bibi arusi, kulikuwa na chemchemi kwenye tambarare, mahali ambapo mtoto wa miaka sita angeweza kutumwa na kibuyu akarudi nacho kikiwa kimejaa. Maji yalitoka katikati ya mawe mawili, baridi hata wakati wa kiangazi. Ardhi wakati huo ilikuwa ya kokwet nzima, yaani majirani wote wa mtaa waliokaa baraza moja. Halafu ukaja ugonjwa wa kuzungushia mashamba ua. Kila mwanaume mwenye nguvu akapanda miiba, akasema kuanzia hapa hadi pale ni kwangu. Mmoja wao, ambaye nitamwita Tajiri kwa kuwa alipenda sana kuitwa hivyo, alipanda miiba yake siku nyingi, yeye na wanawe, na walipomaliza tukaona chemchemi iko ndani.

Wanawake walipomwendea hakutukana mtu. Alikuwa mtu wa sauti laini. Alisema, "Maji ni ya Mungu, mama zangu, siwezi kuwanyima. Lakini hapa pa kukanyagia ni pangu." Tukarudi tukiwaza, kama maji ni ya Mungu, tuyafikie kwa mabawa?

Basi tukawa tunateremka mtoni. Anayeujua ule upande wa Konoin anajua mabonde yetu. Ng'ambo ya mto kuna chai ya mzungu, imenyooshwa kama nywele zilizochanwa. Upande wetu kuna mteremko wa udongo mwekundu ambao ukipata mvua unakuwa kama umepakwa samli. Unashuka ukishika majani. Unapanda na mtungi mgongoni, ukanda umekaza kwenye paji la uso, huoni mbele ila miguu yako. Mama mkwe wangu alikuwa na nyonga mbovu, kwa hiyo maji ya nyumba nzima yalikuwa juu yangu: ya kupika, ya ndama, ya baba mkwe kunawa, ya pombe. Mimba yangu ya kwanza ilitoka baada ya kuanguka pale. Sisemi zaidi ya hapo. Mwaka ninaousimulia nilikuwa na ya pili, na masika yalikuwa mbele yetu, na kila asubuhi niliutazama ule mteremko kama mtu anavyomtazama mbwa aliyekwisha kumuuma.

Mwaka huohuo chama cha wilaya kilituma habari. Viti vya baraza la wilaya vilikuwa wazi, na baraza ndilo lililoamua mambo ya njia, masoko na maji. Uchaguzi wenyewe wa serikali ungekuja baadaye. Lakini mara iliyopita watu wetu wawili walisimama pamoja, wakagawana kura, na shemeji ya chifu akapita katikati yao akipiga miluzi. Safari hii chama kilisema: chagueni kwanza mmoja, nyinyi kwa nyinyi, halafu wote muwe nyuma yake.

Wakajitokeza watatu. Wa kwanza Tajiri mwenyewe, maana mtu akishapata maji yote hutaka na kiti. Wa pili alikuwa mzee aliyerudi kutoka vita vya Burma na kofia ya kijeshi, na tangu arudi hakuna aliyeona utosi wake. Huyo nitamwita Mzee wa Kofia. Wa tatu alikuwa mtu wa misheni, mhubiri, wa kwanza kwetu kuwa na baiskeli. Aliisukuma zaidi ya kuipanda, kwa sababu ya vilima, lakini alikuwa nayo. Huyo ni Bwana Baiskeli.

Sasa sikiliza vizuri. Mzee wa Kofia alisema barazani kwamba chemchemi ifunguliwe, iwe ya wote. Bwana Baiskeli alisema kanisani kwamba chemchemi ifunguliwe, iwe ya wote. Maneno yaleyale, utadhani waliyanunua duka moja. Ungeweka watu wao pamoja, Tajiri asingeona ndani. Lakini watu wa Kofia walikunywa busaa, pombe yetu ya nafaka, na watu wa Baiskeli waliwaambia kila Jumapili kwamba wanaokunywa busaa wataungua. Basi wakachukiana. Tajiri alikuwa na watu wengi kidogo kuliko kila mmoja wao peke yake, na hiyo ilimtosha. Kila mwanamke kwenye kilima kile aliliona jambo hilo akiwa amesimama, mtungi mgongoni. Wanaume walihitaji baraza.

Aliyeleta ile njia ya kura mbili alikuwa mwalimu wa shule yetu ndogo, kijana mpole aliyekuwa akipepesa macho. Alisema ameisoma mahali. Akasimama mbele ya wazee, mkono mmoja una punje ya hindi, mwingine una haragwe.

"Wazee wangu," alisema, "kila mtu atapewa hivi viwili. Hindi ni la yule unayemtaka. Haragwe ni la yule ambaye, wako akishindwa, unaweza kumvumilia. Tutahesabu mahindi kwanza. Mtu akipita nusu, tumemaliza. Kama hakuna, tutayajumlisha na maharagwe, na mwenye hesabu kubwa ndiye wetu."

Mzee mmoja akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo unaniambia nioe wawili siku moja?"

"Mzee, wewe tayari una watatu."

"Ndiyo maana nauliza. Najua shida yake."

Wakacheka. Mwalimu naye akacheka, maskini, akidhani wamemwelewa.

Kura ingetumbukizwa kwenye vibuyu vya maziwa, kimoja kwa kila mgombea. Vibuyu vilitoka kwetu wanawake. Kupiga kura, hapana, hilo ni jambo zito. Lakini vibuyu, na kuviosha, na mahindi, na maharagwe ya kupigia kura, hayo yote wanaume waliyakumbuka kuwa ni kazi yetu.

Vilipopangwa, mzee mkubwa kuliko wote akainua fimbo.

"Viko vitatu."

"Ndiyo, mzee. Wagombea ni watatu," mwalimu akasema.

"Jambo la baraka halifanywi mara tatu. Tukibariki tunabariki mara nne. Tukimtahiri kijana, tukioa, tukihama nyumba, ni mara nne. Sasa kwa jambo kubwa hili unatuwekea vitatu? Unataka mvua ikatae?"

Wazee wote wakanguruma kumuunga mkono. Kwa hili siwacheki. Hata mimi nilitikisa kichwa nilipoviona vitatu. Mwalimu akapepesa macho, akasema hana mtu wa nne. Mzee akasema mtu wa nne si lazima awe mtu, awe tu wa nne. Wakatazama huku na huku, na macho yao yakamkuta bwana mmoja ameketi karibu na lango la shule, anajitoa mwiba mguuni.

Bwana huyo alikuwa hana baya. Tatizo ni kwamba alikuwa hana na zuri. Alikaa kwenye kibanda ndani ya ua wa Tajiri, akachunga ng'ombe wa Tajiri, akanywa maziwa ya ng'ombe wa Tajiri. Ukimwambia mvua itanyesha, alisema ndiyo. Mwingine akimwambia haitanyesha, alisema ndiyo.

"Wewe! Utakuwa wa nne."

"Wa nne wa nini?"

"Kaa tu hapo."

"Niendelee kukaa?"

"Kaa."

Akakaa. Hiyo ndiyo kampeni aliyoifanya.

Kisha wazee wakaibariki ile sheria. Wakanyunyiza pombe kwa midomo, wakauliza watu kama wamekubali, na watu wakaitikia mara nne. Bwana Baiskeli aligeuza uso ili pombe isimguse, lakini mdomo wake niliuona ukiitikia pamoja na wengine.

Siku zilizofuata hakukuwa na habari nyingine. Hata ng'ambo walisikia. Mtoni nilikutana mara nyingi na mama mmoja Mkisii aliyechuma chai upande ule, mtu wa maneno makali na kicheko kikubwa. Kwenye nyumba za wachumaji walikuwa na mfereji, lakini alipenda kufulia mtoni.

"Dada, nimesikia kwenu mkubwa anachaguliwa na githeri."

"Githeri mbichi," nikamwambia, maana mahindi na maharagwe yetu hayakuwa yamepikwa.

"Na nyinyi mmepewa punje ngapi?"

"Sisi tumepewa vibuyu tuoshe."

"Basi hamna tofauti na sisi. Sisi tunampa mzungu chai, anatupa tuoshe kikombe." Akanitazama tumbo, akaacha kucheka. "Na huo mteremko utaupanda hivyo mpaka lini?"

"Wakichagua vizuri, mpaka wiki ijayo."

Akanisaidia kuinua mtungi.

Nyumbani nilimwambia mume wangu waziwazi. Mke mpya hasemi mambo ya baraza, lakini tulikuwa wawili tu, na mimi nilikuwa na haki ya mguu ulioteleza.

"Hindi lako ni la Mzee wa Kofia. Najua. Haragwe je?"

"Hayo ni mambo ya wanaume."

"Na tumbo hili nalo ni la wanaume?"

Nikamwambia, mpe haragwe Bwana Baiskeli. Huyo naye anataka chemchemi ifunguliwe. Nyinyi mkimpa yeye, na watu wake wakimpa Kofia, yeyote kati yao akipita mimi nateka maji kwenye tambarare.

"Nimpe mtu anayesema baba yangu ataungua motoni kwa sababu ya busaa?"

"Baba yako akiungua, si atahitaji maji?"

Alicheka mpaka akashika mlango. Akasema atafikiri. Nikaridhika. Nilikuwa msichana bado, sikujua kwamba mwanaume akisema atafikiri maana yake ni kwamba ataenda kuwauliza wenzake.

Na kweli aliwauliza. Jioni ya kuamkia kura walikutana kwa baba mkwe, chungu cha busaa katikati, mirija mirefu midomoni kama inzi kwenye maziwa. Nilikuwa naongeza maji ya moto kwenye chungu. Maji hayo, nikukumbushe, niliyapandisha mimi.

"Haragwe tumpe nani?" mmoja akauliza.

"Baiskeli hapana. Ukimpa haragwe unamnenepesha. Kesho anatuhubiria kutoka barazani."

"Tajiri je?"

"Tajiri tena? Una wazimu?"

Wakanyonya mirija. Kisha shemeji yangu, mtu aliyejiona ana akili kuliko wote kwa sababu aliwahi kufika Nakuru, akapiga goti lake kofi.

"Yule wa nne! Tumpe yule wa nne. Haragwe letu litakaa salama kwake, kwa maana hatapata hata hindi moja. Ni kama kulitupa, lakini mwalimu hataona tumetupa."

Walicheka mpaka machozi yakawatoka. Mume wangu alicheka nao. Aliniona nikimtazama, akageukia mrija wake.

Nilimwambia mama mkwe jikoni. Alikuwa amenyoosha mguu mbovu mbele ya moto. Akasema, "Wamepewa mbegu mbili. Mwanangu, akili ya kupanda ya pili tungewatolea wapi?"

Siku yenyewe ilikuwa na jua. Walikwenda mmoja mmoja nyuma ya ukuta wa shule, ambako vibuyu vilipangwa na mwalimu alisimama kuhakikisha mikono inatoka mitupu. Kila mmoja alirudi na uso wa mtu aliyeiba kuku na hakuonekana. Watu wa Kofia walirudi wakibana midomo. Watu wa Baiskeli walirudi wakibana midomo. Watu wa Tajiri vilevile. Sisi wanawake tuliketi upande wa juu, kwenye nyasi, nami nilikuwa nimezijua zile nyuso. Ni uso mmoja tu, umepewa watu wengi.

Mwalimu akatandika ngozi ya ng'ombe, akamwaga kibuyu cha Tajiri. Mahindi mengi. Maharagwe, kidogo tu, unaweza kuyafunika kwa kiganja. Akamwaga cha Mzee wa Kofia. Mahindi ya kutosha, maharagwe machache zaidi. Akamwaga cha Bwana Baiskeli. Mahindi karibu sawa na Kofia, na haragwe ukilitafuta unalipata.

Mwalimu alihesabu mahindi, akahesabu tena. Hakuna aliyepita nusu. Akapepesa macho.

"Maharagwe yako wapi?" mtu akauliza.

Watu wa Kofia wakawatazama watu wa Baiskeli. Watu wa Baiskeli wakawatazama watu wa Tajiri. Tulisikia tarumbeta ya mashamba ya chai ng'ambo ikiita wachumaji wapeleke majani kupimwa. Mimi niliona shemeji yangu akifungua mdomo polepole, kama mlango wa ghala.

Mwalimu akainua kibuyu cha nne. Kilikuwa kizito. Alipokiinamisha, maharagwe yakamwagika kama mvua ya mawe, yakaruka kutoka kwenye ngozi, yakaingia kwenye nyasi, kuku wa mwalimu wakaja mbio. Hakukuwa na hindi hata moja. Mwenyewe, hindi lake, alikuwa amempa Tajiri.

Kumbe watu wa Baiskeli nao walikuwa wamekaa baada ya maombi wakaamua hivyohivyo. Na watu wa Tajiri nao, nyuma ya zizi. Makundi matatu, kila moja limejificha mahali pake, kila moja limefurahia ujanja wake, na ujanja wenyewe ni mmoja.

Mwalimu alijumlisha, na sauti yake ikawa ndogo. Wa nne alikuwa amewapita wote.

"Ni mimi?" bwana yule akauliza.

"Ni wewe."

"Sasa nifanye nini?"

"Simama watu wakuone."

Kabla ya kusimama alimtazama Tajiri, aone kama ameruhusiwa.

Mzee wa Kofia alipiga kelele kwamba warudie. Bwana Baiskeli, ambaye hakuwa amemsemesha Mzee wa Kofia tangu aokoke, akasema kwa mara ya kwanza kwamba anakubaliana naye. Nilitaka kuwatupia kitu. Leo ndiyo mnakubaliana? Lakini yule mzee mkubwa akainua fimbo yake akasema sheria ilibarikiwa na watu waliitikia mara nne, na anayetaka kuirudia aseme jina lake kwa sauti ili laana ijue nyumba ya kwenda. Hakuna aliyesema jina lake. Watu wanaopiga kura kwa kujificha nyuma ya ukuta hawawezi ghafla kuwa mashujaa.

Tajiri mwanzoni alikuwa amekasirika kuliko wote. Alitema mate, akaondoka hatua kadhaa. Halafu akasimama. Nilikuwa namwangalia, na niliuona uso wake ukifunguka, polepole. Alikuwa amekumbuka bwana yule analala kwenye shamba la nani. Akarudi, akamwekea mkono begani, akasema kwa ile sauti laini, "Diwani wetu."

Mjukuu wangu, unayesoma hivi, usije ukasema njia ilikuwa mbaya. Ilikuwa njia nzuri kuliko watu walioitumia. Mtu anaulizwa swali dogo: ukimkosa unayempenda, nani atakufaa? Kulijibu inabidi ukubali kwamba mtu usiyempenda anaweza kukufaa. Hilo ndilo lililowashinda. Afadhali chemchemi ibaki kwenye miiba kuliko mtu wa busaa kumpa mtu wa maombi haragwe moja. Wanawake wao watateleza, lakini wao hawatakuwa wamemnenepesha mtu.

Uchaguzi wa serikali ulipokuja, chama kilikuwa nyuma ya mtu mmoja, kama kilivyotaka, na bwana yule akapita. Akapewa koti. Wanawake tulimwendea, tukiongozwa na jirani yetu aliyevunjika mguu kwenye mteremko uleule, mguu ukaunga vibaya. Tukamwambia afungue chemchemi.

"Ndiyo," alisema.

"Lini?"

"Nitamuuliza mwenyewe."

Hapo tukajua tumekwisha.

Jioni ya ile kura ya vibuyu nilikuwa nimempikia mume wangu maharagwe. Kesho yake maharagwe. Siku iliyofuata akainua kifuniko, akavuta pumzi.

"Kwani mboga zimekwisha?"

"Ziko."

"Basi mbona haya?"

"Si ndiyo uliyochagua ya pili? Nilidhani unaweza kuyavumilia."

"Sote tulifanya hivyo," akasema, kama kwamba hiyo ni dawa.

"Najua. Ndiyo maana kila nyumba leo inakula maharagwe."

Na ilikuwa kweli, maana tulikuwa tumesemezana. Sisi tuliohesabiwa kuwa wa kuosha vibuyu, wake wa walevi na wake wa waombaji, tulikutana mtoni na tukakubaliana kabla mitungi haijajaa. Maji ya kupikia watoto yatapanda. Maji ya ndama hayapandi. Maji ya mwanaume kuoga hayapandi. Maji ya busaa hayapandi hata tone. Wake wa waombaji waliona mkono wa Mungu katika hilo la mwisho. Wa kwetu hawakubishana nao. Mama mkwe, ambaye busaa yake ilisifiwa hadi Merigi, alifunika vyungu vyake kifudifudi, akakaa mbele ya nyumba akiota jua.

Baba mkwe alimwuliza mume wangu, yaani mwanawe, "Mkeo anaumwa?"

"Hapana, baba."

"Mama yako je?"

"Hapana."

"Basi pombe inaumwa," akasema, na akaenda kulala na kiu.

Ulidhani wangefungua ua. Hata mimi nilidhani. Wanaume wote wale, na mapanga yao, na ua wa miiba tu. Lakini kumwendea Tajiri kulitaka watu wa Kofia watembee pamoja na watu wa Baiskeli, bega kwa bega, nao walikuwa hawajafika huko. Walichofanya ni kuchimba ngazi. Walikata ule mteremko, wakaweka magogo kila hatua, kutoka juu hadi mtoni, watu wa Kofia wakichimba upande wa juu na watu wa Baiskeli wakichimba upande wa chini, ili wasigusane. Tajiri aliwaazima majembe. Bila shaka aliwaazima! Ngazi zile zilimwokolea chemchemi yake.

Na wakataka zifunguliwe rasmi. Diwani akaja na koti lake, jua likiwaka, akasimama kwenye gogo la juu kabisa. Akamshukuru Tajiri kwa majembe. Akawashukuru wazee. Akasema haya ni maendeleo. Mimi nilikuwa napanda, na mimba ilikuwa kubwa sasa, mkono mmoja kwenye udongo, na ni kweli miguu ilishika, sitasema uongo. Mume wangu alisimama pembeni na jembe lake, ananitazama kama mtu anayengoja asante. Sikumpa.

Nilipofika juu Diwani alikuwa amemaliza hotuba, jasho linamtoka ndani ya koti. Akautazama mtungi wangu.

"Mama," akasema, "nisaidie maji kidogo. Nina kiu."

Wanaume walikuwa wote pale. Nikavuta pumzi. Nikamwambia, "Chemchemi iko pale karibu, mzee. Sisi wengine ndio hatuingii. Wewe si unalala humohumo?"

Alitazama ua. Alimtazama Tajiri. Kisha akatazama chini, kwenye magogo mapya, akasema kiu imekwisha.